Fundi Cheche na Piano ya Mwalimu

Miaka nenda miaka rudi Fundi Cheche alikata na kuchomelea vyuma bila kuziba masikio. Vijana wa karakana waliotia pamba kabla ya kuwasha grenda aliwacheka mchana kweupe: "Nyie wanaume au maharusi?" Jamani, mdomo ule!

Siku aliyokwenda kufunga nondo za madirisha kwa mwalimu wa piano, ndipo alipopatikana. Mama yule alikuwa akipiga chumbani, Cheche kasimama dirishani na nondo mkononi, machozi yanamtoka, hajui kwa nini. Mwalimu akamwita ndani, akamweleza: huu ni muziki wa zamani, kila noti imeandikwa; huu nao ni jazi, mkono wa kushoto unashika mwendo, wa kulia unazurura utakavyo. Cheche akaupenda huo unaozurura. Wimbo mmoja hasa ulimmaliza, ule unaopanda taratibu hadi mwisho kabisa wa piano, upande wa kulia, kwenye sauti nyembamba kuliko zote.

Tangu hapo kila Jumamosi yuko sebuleni kwa mwalimu, ameoga, kakaa kwa adabu kama yuko ukweni. Mkewe akasema, "Haya, nimeletewa mke mwenza, ana meno meusi na meupe."

Lakini masikio yalishaanza kuvuma. Daktari alimwambia wazi kwamba sauti nyembamba ndizo hutangulia kwenda, na kinachokwenda hakirudi, aache grenda. Aache, watoto wale nini? Akaendelea kukata vyuma, sasa pamba masikioni, maji yameshamwagika. Aliomba jambo moja tu, abakiziwe wimbo ule.

Jumamosi moja akaenda na mkewe, naye akamsikie mke mwenza. Mwalimu akapiga. Mkono wa kulia ukapanda, ukapanda, halafu kimya.

"Ah, mwalimu! Leo nimeleta mgeni, ndiyo unaukatiza?"

Cheche akatazama vidole vya mwalimu. Vilikuwa bado vinatembea kule mwisho, vinabonyeza polepole, kimoja baada ya kingine. Akamgeukia mkewe. Mkewe alikuwa amefumba macho, anatabasamu.

Cheche akatia kidole sikioni atoe pamba. Hapakuwa na pamba.

Mkewe akafumbua macho, akamwona, tabasamu likamwisha. "Baba watoto, bado anapiga."

"Najua," Cheche akasema, akamshika mkono. "Ukiisha uniambie."