Kava Lenye Maua Meupe

Kifuniko cha sufuria kiligonga mara moja, kikanyamaza, kikagonga tena. Edith akafumbua macho. Mji wote wa Suna bado ulikuwa gizani, na alijua ni paka wake anayetafuta mabaki ya omena juu ya rafu. Akashuka kitandani polepole, akawasha taa ya sola, akainua mkono kumfukuza. Mwanga ukaangukia kava la albamu yake ya nyimbo, alilokuwa amelisimamisha kando ya vikombe ili liwe kitu cha kwanza kukiona asubuhi.

Mkono wake ukabaki juu vilevile.

Pale kwenye kava alikuwa yeye, na kitambaa chake cha buluu kichwani, akitabasamu. Juu yake njiwa. Pembeni maua meupe kwenye rangi ya zambarau, na chini, kwenye kona, mshumaa unaowaka. Karatasi ile aliijua. Alikuwa ameikunja mkononi katika matanga ya Migori na ya Homa Bay, akiimba nyimbo zilizochapwa ndani yake. Ilikuwa karatasi ya ratiba ya mazishi, na uso wa katikati ulikuwa wake.

"Yaye, Edith," akajinong'oneza. "Umejizika."

Imekuwaje asiione mchana? Kava alikuwa amelipanga mwenyewe mezani kwa mkasi na gundi: picha aliyopigwa harusini, na jina la albamu, *Asante kwa Asubuhi*, kwa herufi za mkono wake. Kwenye duka la kuchapisha, kijana Bravin, aliyemwita dani kama nyanya yake, alimwambia rangi zote zingekuwa ghali. "Lakini dani, niko na karatasi ngumu imebaki, iko na maua tayari. Tunaweka picha katikati tu, bei inashuka nusu." Naye, macho yote yakiwa kwenye sura yake mwenyewe, akasema maua ni mazuri. Bravin huchapa ratiba za mazishi wiki nzima, hata hayaoni tena maua yale. Hakuwa na ubaya kijana yule. Alimkatia kingo bure na kumbebea mzigo hadi barabarani.

Ila kava moja, pamoja na CD yake, lilikuwa limeshaondoka. Jana jioni alimpa Nyarangi, mwuza ndizi aendaye soko la Rangwe, alipeleke kwa dada yake Scovia likiwa ndani ya nailoni inayoonyesha. Scovia hajui kusoma. Angeona uso wa mdogo wake katikati ya maua yale, basi. Mwanawe alipofariki walimletea habari ghafla, akaanguka pale pale mlangoni. Daktari wa Homa Bay akawaambia: mama huyu asishtuliwe tena, moyo wake hautavumilia.

Edith akapiga simu ya Nyarangi. Imezimwa. Akapiga ya Scovia. Ikalia mpaka ikajikata yenyewe. Akapiga tena, na tena, kwa haraka hata akabonyeza namba za watu wengine.

Alitoka bila chai, mkoba begani na makava yote yaliyobaki ndani yake. Kupita Ndhiwa, matatu aliyopanda ikasogea kando kupisha msafara uliokuwa ukileta maiti nyumbani. Mbele ya gari la kwanza walikuwa wamefunga picha kubwa ya mama mmoja, na maua ni yale yale. Edith akafumba macho. Mwanamke aliyeketi karibu naye, asiyemjua, akamshika mkono bila kuuliza lolote, akaushika hadi Rodi.

Rangwe alishuka akitembea kama mtu anayekanyaga miiba. Alipofika kwenye ua wa mnyaa wa Scovia, akasimama.

Viti vya plastiki vilikuwa nje. Wanawake walikuwa wameketi mduara, leso viunoni, vichwa vimeinama. Na kutoka ndani ya nyumba, kwa sauti ya juu, yeye mwenyewe, Edith, alikuwa akiimba kwenye CD.

"Wamemwekea wimbo wangu," akawaza. "Amekwenda, nami ndiye niliyemuua." Akashika mnyaa ili asianguke, utomvu mweupe ukamchuruzikia kiganjani.

"We Edith! Mbona umesimama huko kama mdai?" Sauti ilitoka katikati ya mduara. "Njoo umenye njugu! Unataka watu wakuimbie na wakufanyie kazi pia?"

Ilikuwa sauti ya Scovia. Mapajani alikuwa na ungo wa njugu karanga, kama wenzake wote.

Edith alijikuta kwenye nyasi, analia na kucheka. Jirani yao Mong'ina, mama Mkisii anayeuza sukuma wiki, akamwinua kwa kwapa, akamtembeza nyuma ya jiko kana kwamba anamwonyesha mahali pa kunawa. Akachomoa kutoka kifuani vipande vya karatasi: njiwa, mshumaa, maua meupe.

"Nyarangi alinikuta langoni," akasema polepole. "Nikaona, nikasema hapana, huyu dada hawezi kuona hii. Nikachukua mkasi wa kushonea. Nimempa uso wako peke yake. Hakuna mwenye anajua."

"Na mimi? Hukudhani nimekufa?"

"Nilidhani. Nikasikia baridi mwili wote. Halafu nikafikiria, maiti gani anajitumia CD?"

Edith akamkumbatia. Kisha akaenda kumtazama dada yake.

Picha ilikuwa imebandikwa ukutani kwa ugali, imekatwa mviringo, na kitambaa cha buluu kiling'aa kuliko alivyokumbuka. Mchana ule Mong'ina na wale wanawake waliyakata makava yote namna hiyo, wakayabandika kwenye maboksi ya kaki kutoka dukani. Walipouliza kwa nini, Mong'ina akawaambia maua yanaficha uso. Edith akaketi nyuma ya Scovia akimsuka, maana mikono ya Scovia siku hizi haifiki kisogoni. Kila akigusa shingo ile yenye joto, alitulia kidogo.

Gari la kurudi likapiga honi barabarani kabla hajamaliza. Scovia akamsindikiza hadi kwenye mnyaa, nywele za upande mmoja zimesukwa, za upande mwingine zimesimama.

"Nyamera, mdogo wangu, picha yako ni nzuri, lakini haijui kusuka," akasema. "Utaniacha hivi mpaka lini? Rudi kabla ya Sabato."