Mwendo wa Helmi

Lorna Kangas hakuwa mtu wa filamu nzito. Alipenda zile za harusi, za mbwa waliopotea wakarudi nyumbani, na za Krismasi ambazo mwisho wake unaujua kabla hujamaliza kuvua viatu. Kwa miaka mingi alisuka na kukata nywele za wanawake wa Pelkonen Bay, mji mdogo ulio upande wa Michigan wa Ziwa Superior, na alisema kichwa chake kimejaa matatizo ya watu kiasi kwamba hakina nafasi ya matatizo ya kuigiza.

Aliyemwingiza kwenye filamu zilizosifiwa ni rafiki yake Roxanne Tibbets, mkutubi. Kila Jumamosi mchana, wakati wa baridi, Roxanne alionyesha filamu moja kubwa ya dunia kwenye chumba cha chini cha maktaba. Kahawa ilikuwa bure.

"Njoo tu, mwenzangu," alimwambia. "Ukichoka, lala. Viti ni laini."

Lorna akaenda. Filamu ya kwanza ilihusu mke na mume wanaoachana, wakigombania kabati moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Taa zilipowashwa, Roxanne akauliza watu wameonaje. Watu wakakohoa, wakatazama sakafu.

"Wangeniita mimi na msumeno," Lorna akasema, "kila mmoja angekuwa kwake na nusu yake."

Chumba kizima kilivunjika mbavu. Kuanzia siku hiyo watu walikuwa wanakuja kumsikiliza Lorna zaidi kuliko kutazama filamu. Na yeye mwenyewe akaanza kunogewa, ingawa hakukiri. Ilipoonyeshwa ile ya mwokaji mikate wa Kireno aliyepofuka, akawa anajua mkate umeiva kwa kuusikiliza tu, Lorna alilia mpaka akaazima leso ya mtu asiyemjua. "Nimemlilia mwokaji huyu kuliko nilivyomlilia mjomba wangu Toivo," alimwambia Roxanne, "na mjomba alikuwa mtu mwema."

Kisha ikaja Jumamosi ya *Wageni wa Machi*.

Roxanne aliitangaza kwa mbwembwe. Ilikuwa filamu ya zamani, nyeusi na nyeupe, iliyopigwa hapohapo Pelkonen Bay mwaka sitini na saba. Mwongozaji wake alitoka ng'ambo, akakaa majira yote ya baridi na watu wake, akaondoka. Filamu ilizoa tuzo Ulaya, ikasomeshwa vyuoni, lakini mjini kwenyewe haikuwahi kuonyeshwa. Wakubwa wa filamu duniani waliisifu hasa kwa ajili ya mwisho wake.

"Ngojeni mwisho," Roxanne alisema. "Sitasema kitu. Ngojeni."

Lorna alikumbuka wale watu wa sinema kama ndoto. Alikuwa na miaka minane. Alikumbuka malori yao, makoti yao ya manyoya, na jinsi baba yake, Eino, alivyokuwa akisonya kila walipotajwa. Kwani waliondoka na shangazi yake. Helmi, dada mdogo wa Eino, msichana wa miaka ishirini na mbili, alikuwa akiwafulia na kuwapikia. Siku walipoondoka, naye hakuonekana tena. Hakuaga. Bibi yake Lorna aliendelea kumwekea Helmi sahani kila Krismasi, na kila Krismasi Eino alisema, "Iondoe, Mama. Mwenzio anakula na matajiri." Bibi alipofariki, Eino alisimama kaburini akatazama barabara muda mrefu. "Hata kumzika mama yake hakuja," alisema. Tangu hapo jina la Helmi halikutajwa nyumbani.

Filamu ilikwenda polepole. Mwanamke mgeni, amevaa koti jeusi refu, anafika kwenye kijiji cha wavuvi, hapokewi na mtu. Lorna alikuwa anaangalia nyumba zaidi ya hadithi. Aliona duka la akina Saari kabla halijaungua. Aliona kanisa, halafu jiko ambalo pengine lilikuwa la bibi yake.

Ukafika mwisho. Mwanamke yule anashuka ufukweni na kuanza kutembea juu ya ziwa lililoganda. Kamera iko nyuma yake, haisogei. Hakuna muziki, upepo tu. Anakwenda, anakwenda, anazidi kuwa mdogo.

Lorna akaacha kutafuna biskuti aliyokuja nayo.

Mwigizaji alikuwa ametembea wima filamu nzima, kama mtu aliyefundishwa. Huyu wa kwenye barafu alivuta mguu wa kushoto kidogo sana, kama anayefuta kitu kwa soli. Na kila upepo ulipovuma aliweka kiganja cha mkono wa kulia nyuma ya shingo.

Hakuna mtu duniani aliyeujua mgongo ule kama Lorna. Majira mawili ya baridi alikuwa ametembea nyuma yake kwenda shule, akikanyaga katika nyayo zake ili theluji isimwingie viatuni. Mguu ule ulivunjwa na gogo Helmi akiwa mtoto. Mkono ule shingoni ulikuwa ni kwa sababu hakupenda kuvaa skafu.

Pale mbele mwanamke alikuwa sasa nukta nyeusi kwenye weupe. Ukungu ulikuwa unakuja kutoka kulia. Nukta ikafika karibu na ukungu, na kabla ukungu haujaigusa, haikuwepo tena.

Picha ilibaki hapo kitambo, barafu tupu na upepo. Kisha majina yakaanza kupanda. Watu wakapiga makofi.

"Jamani!" Roxanne alisema, macho yanang'aa. "Ukungu unammeza! Wanasema mwongozaji aliungoja ukungu huo siku nyingi. Lorna, tuambie."

Lorna hakusema kitu. Watu walicheka wakidhani anatunga mzaha. Alipozidi kunyamaza, wakachukua makoti yao mmoja mmoja wakaondoka.

"Una nini, shoga?" Roxanne akakaa karibu naye. "Umekuwa mweupe kama karatasi."

"Rudisha pale mwisho."

Roxanne akarudisha. Wakatazama wawili peke yao.

"Yule si mwigizaji," Lorna akasema. "Ni shangazi Helmi. Wamemvisha koti la mwigizaji."

"Helmi yule aliyekwenda nao?"

"Tazama nukta. Wewe umezaliwa hapahapa, umeona watu wangapi wakipotea kwenye ukungu wakienda kwenye vibanda vya kuvulia samaki juu ya barafu? Mtu akimezwa na ukungu anafifia. Si ndiyo? Anakuwa kijivu, halafu hayupo." Lorna akanyoosha kidole kuelekea picha. "Huyu hafifii. Anafupika. Barafu imepasuka chini yake."

Roxanne akarudisha tena. Nukta ilikuwa nyeusi tititi. Ikawa fupi, kama mtu aliyepiga magoti. Ikawa fupi zaidi. Halafu barafu.

Roxanne alikuwa ameitazama filamu ile mara nyingi tangu chuoni, na mara zote aliipenda. Akazima mashine. "Kamera haikutikisika hata kidogo, Lorna."

"Nimeona."

"Hakuna aliyepiga kelele."

"Nimeona, Roxanne."

Eino alikuwa anaishi na Lorna. Alikuwa na miaka karibu tisini, mkavu kama ukuni, na bado alikwenda sauna, kile chumba cha mvuke, kila Jumamosi bila kushikwa mkono. Lorna alimkuta jikoni akipasha moto mkate wa nyama na viazi.

"Baba, siku wale wa sinema walipoondoka. Waliondokaje?"

Eino akageuza uso. "Umekumbuka nini leo?"

"Nijibu tu, Baba."

"Kama wezi, ndivyo walivyoondoka. Walikuwa wamelipia nyumba za akina Saari mpaka Aprili. Jioni moja nikasikia malori. Asubuhi nikashuka ufukweni, nikakuta hema lao limesimama, jiko ndani limezimika lenyewe, supu imeganda kwenye sufuria. Walimwambia mzee Saari wanahitajika Chicago haraka." Akakaa. "Nilidhani wanakimbia kwa sababu wamemchukua msichana wa watu."

Aliposema hivyo, Lorna aliona uso wake ukibadilika, kwa sababu alikuwa ameyasikia maneno yake mwenyewe. Supu waliyoiacha. Haraka yote ile.

"Umeona nini huko, Lorna?"

Akamwambia. Alimwambia yote, mguu, mkono shingoni, nukta. Eino hakumkatiza. Mkate ukaungua kwenye jiko, hakuna aliyeinuka.

"Nataka kumwona," akasema.

"Baba, si lazima. Mimi nimemwona, inatosha."

"Nimemtukana mdogo wangu miaka yote hii. Nipeleke."

Roxanne akawafungulia maktaba Jumapili mchana, siku ambayo huwa imefungwa. Nje jua lilikuwa kali juu ya theluji, lakini kile chumba cha chini hakikuwa na dirisha. Eino alikaa kiti cha mbele na kofia yake magotini. Roxanne alianzia pale mwanamke anaposhuka ufukweni.

"Huyo," Eino alisema mara moja. "Huyo ndiye."

Akamtazama akienda. Hakulia. Midomo ilikuwa inacheza kama anayehesabu hatua zake. Lorna alimshika mkono, ulikuwa baridi kuliko wake. Mwanamke akawa mdogo, akawa kama kidole, akawa kama punje.

"Helmi," mzee akaita. Hakupaza sauti. Aliita kama mtu anayemwita mwenzake kutoka chumba cha pili. "Helmi, geuka. Rudi nyumbani."

Na ile punje ikasimama.

Lorna aliiona. Ilisimama mbali kule kwenye weupe, mkono ukashuka kutoka shingoni, na ule upande mweusi wa koti ukawa mwembamba, kama anavyokuwa mtu akigeuka kutazama nyuma. Kwa kitambo kidogo palikuwa na alama hafifu, nyeupe kidogo kuliko koti, mahali ambapo pangekuwa na uso. Kisha akafupika, na ukungu ukaja ukafunika.

Upepo wa filamu uliendelea kuvuma. Roxanne alikuwa amesimama, mkono mdomoni.

"Mmeona?" aliuliza. "Niambieni mmeona."

"Tumeona," Lorna akasema.

Roxanne akarudisha. Wakatazama upya, na safari hii Helmi hakusimama. Alikwenda moja kwa moja, amewapa mgongo, kama alivyokwenda siku iliyotangulia, kama alivyokwenda mbele ya macho ya watu wa Ulaya na wanafunzi wa vyuo vyote. Wakarudia mara kadhaa. Hakusimama tena.

Eino akavaa kofia yake. "Alikuwa na masikio mazuri tangu utotoni," alisema. "Mama akiita yeye ndiye anayesikia kwanza. Twende nyumbani, binti yangu."

Lorna alikwenda kwa sherifu. Sherifu, kijana ambaye mama yake alikuwa mteja wa Lorna, aliitazama ile picha akavua kofia. Lakini mwongozaji alikuwa amekufa zamani, mwigizaji amekufa, na wale wengine hawakujulikana walipo. Ziwa nalo, kwenye kina kile, maji ni baridi mno, na waliozama huko hawaji juu. Walioimiliki filamu walipopigiwa simu walisema wanasikitika sana, na kweli sauti yao ilikuwa ya masikitiko. Filamu inaendelea kuonyeshwa. Roxanne alijitahidi kueleza kwa yeyote aliyetaka kusikia. Wengine walimwamini. Wengine walisema hiyo ndiyo nguvu ya sanaa, humfanya kila mtu aone wake.

Barafu ilipovunjika mwezi wa Mei, wakamfanyia Helmi mazishi. Mji mzima ulikuja, hata wale ambao hawakuzaliwa bado wakati ule. Jiwe lake liliwekwa kando ya la mama yake. Eino alisimama kwa fimbo, akaomba msamaha kwa lugha ya wazazi wake, maneno machache, mchungaji akangoja amalize. Majira ya baridi yaliyofuata Eino naye hakuyaona.

Lorna hakuacha kwenda maktaba. Watu walidhani ataacha. Anakaa kiti kilekile, anakunywa kahawa, na bado anawachekesha, ingawa sasa anachelewa kidogo kujibu. Ni kwamba hawatazami tena wale wa mbele. Waigizaji wakubwa wanaweza kulia na kubusiana watakavyo, yeye macho yake yako nyuma, kwa mpita njia, kwa mwanamke anayefunga dirisha, kwa mtu aliyelipwa kutembea tu.

Mwezi uliopita ilikuwa filamu ya harusi moja huko Ugiriki, ndefu, yenye tuzo tele. Ilipokwisha watu wakaondoka wakiimba ule wimbo wa bwana harusi. Lorna akabaki kitini.

"Umeonaje?" Roxanne akamuuliza, akikusanya vikombe.

"Nzuri. Chakula kimepigwa picha vizuri." Akasita. "Yule mama wa nyuma, mwenye kikapu. Alishuka ngazi za kisimani wakati wanacheza. Sikumwona akipanda."

Roxanne hakucheka. Aliviweka vikombe chini, akarudisha filamu nyuma, na wakakaa wawili kumtafuta, harusi ikienda mbele yao bila sauti. Walimpata karibu na mwisho kabisa, pembeni, nusu ya mwili imekatwa na ukingo wa picha. Alikuwa amekaa kwenye benchi na kikapu magotini, anakula keki.

Lorna akashusha pumzi. Akamtazama mpaka akaimaliza.