Kalamu ya Daktari

Barua kutoka ofisi ya askari wastaafu ilikuwa na kurasa sita, lakini Loretta alikwama kwenye mstari mmoja. "'Aliinama bila taabu, akaokota kalamu,'" alimsomea mumewe. "Harlan, kalamu gani hiyo?"

Harlan Tibbets alikuwa amesimama, ameegemea meza ya jikoni, maana kukaa kulimshinda tangu asubuhi. "Ya daktari aliyenipima. Ilimponyoka. Mama mtu mzima yule, ningemwacha ainame?"

"Na dakika arobaini ulizolala kiti cha nyuma cha gari baada ya hapo, umeuma mkanda usipige kelele? Mbona hizo sizioni humu?"

Harlan aliitazama barua. Miaka kumi na tisa jeshini, mlipuko uliomvunja pingili mbili za mgongo na kumwachia mguu wenye ganzi, na leo ofisi ileile iliyoapa kumtunza imemshusha ulemavu kutoka asilimia sitini hadi ishirini, kisa adabu. Kisha akakumbuka vizuri. Ile kalamu haikuponyoka, iliachiwa makusudi. Daktari alisema asante, akaandika. Hilo lilimuuma kuliko mgongo wenyewe.

Rufaa aliandikiwa na Odessa Pruitt, askari mstaafu aliyewasaidia wenzake bure. "Sajenti, wale hawapimi maumivu, wanapima umeinama mpaka wapi," alimwambia. "Ukiitwa tena, komea pale yanapoanzia. Na wakikuuliza hali, ole wako useme nzuri."

"Ndivyo tulivyofundishwa."

"Sote. Na wao wanajua."

Aprili akaitwa kupimwa upya. Daktari safari hii alikuwa kijana mpole. "Hali yako, mzee?"

Harlan alimeza jibu lililokuwa limeshafika mdomoni. "Mbaya. Viatu hivi kanifunga kamba mke wangu." Alisema kama anayeungama wizi, uso unamwaka kwa aibu.

Akainama, akakomea pale maumivu yalipoanzia. Ilikuwa mapema mno. Daktari akampima, akageuka kuandika. Kalamu ikamdondoka, ikabingirika mpaka kwenye kiatu cha Harlan.

Huenda ilianguka tu. Goti la Harlan lilishaanza kukunjika kabla hajaamua. Akalinyoosha. Akashika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, akakaza macho ukutani kama yuko gwaride, machozi yakimlengalenga.

"Samahani, daktari," alisema. "Siiokoti."