Barua ya Kupumua

Zamda alikuwa amelala chali mkekani, nyuma ya nyumba yake, akiunyanyua mkono wa kushoto taratibu kama alivyofundishwa, vidole vya mkono wa pili vilipogusa kitu kwapani. Kigumu, kama punje ya mbaazi. Akaushusha mkono, akasubiri kidogo, akagusa tena. Kilikuwa pale pale.

Ilikuwa miezi saba tangu akatwe titi Dar es Salaam. Aliporudi, mkono ulivimba na kukakamaa, hata kujifunga khanga kukamshinda. Aliyemsaidia ni Sista Agripina, nesi wa Korogwe aliyejifunza yoga kwa daktari mmoja wa Kihindi. Kila Alhamisi aliwakusanya wanawake wanne wenye ugonjwa ule kwenye stoo ya magodoro, akawafundisha kunyoosha viungo na kuvuta pumzi. "Haiponyi saratani," aliwaambia tangu siku ya kwanza. "Inakusaidia kuishi nayo." Zamda alikuwa ameanza kupata usingizi.

Lakini tangu Zamda na jirani zake wahamishiwe kijiji cha ujamaa, mwaka uliopita, hakuna aliyetoka bila barua ya mwenyekiti.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, Mama Tatu. Jembe liko wapi?" Mzee Kibwana, mwenyekiti wa kijiji, alikuwa mlangoni pa ofisi yake Alhamisi ile asubuhi, akiwaita watu wa shamba la pamoja.

"Naomba barua ya kwenda Korogwe, hospitali."

"Si ulikwenda juzi juzi tu?"

"Ni kila Alhamisi, mzee."

"Wanakupa dawa gani?"

"Si dawa. Tunafundishwa kunyoosha mkono. Na kupumua."

Wanaume waliosimama mlangoni wakacheka. "Kijiji kizima kinapumua bila barua," alisema Kibwana.

Zamda alitaka kumwambia habari ya ile punje. Lakini kutaja kwapa na kifua mbele ya wanaume wale!

"Hebu unyanyue huo mkono tuuone."

Akaunyanyua. Ulipita bega, ukafika sikioni. Ulimuuma, lakini ulifika.

"Basi. Mkono unaofika huko jembe litaushindaje? Nenda shambani. Barua tutaizungumza palizi ikiisha."

Alishika njia ya shambani kweli. Alipofika panapogawanyika njia, miguu ikampeleka barabarani, naye akaifuata. Lori la mahindi likamchukua. Dereva alimuuliza kama ana barua, akasema anayo. Kwenye kizuizi mgambo alilizunguka lori polepole. Zamda, kajikunyata kati ya magunia, alivuta pumzi akihesabu mpaka nne, akaitoa akihesabu mpaka sita. Haikutoka yote. Mgambo akapiga bodi kwa kiganja, lori likapita.

Stooni alikuta wanawake wawili. Mkeka wa mwenzao wa nne, Dorkasi wa Mpale, haukutandikwa, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Agripina alimpeleka pembeni, akampapasa kwapani. Vidole vyake vikasimama.

"Umekigundua lini?"

"Leo. Ni ugonjwa ule ule, Sista?"

"Sijui. Nikisema najua nitakuwa nakudanganya." Akamfunika khanga vizuri. "Inabidi urudi Dar, tena haraka. Daktari ataandika yake. Ila siku hizi gari la wagonjwa halimchukui mtu bila barua ya kijiji chake, yenye muhuri."

"Ya mwenyekiti?"

"Ndiyo."

Zamda akamsimulia ya asubuhi, yote, hata kicheko cha wale wanaume.

"Nikirudi atanipa jembe," alisema. "Sirudi."

"Watakutafuta, Zamda."

"Wanitafute. Mwenyekiti atamwambia nani kwamba mgonjwa kajificha hospitali? Nitalala humu kwenye magodoro mpaka gari lije, nipande bila barua. Wakitaka kunishusha, wanishushe mbele ya watu."

Agripina aliutazama mlango. Stoo ile ilikuwa mali ya hospitali, na yeye alikuwa mwajiriwa tu. Kisha akaenda kuusukumia mlango komeo.

"Haya, laleni," aliwaambia wote watatu. "Mikono juu, taratibu. Vuta pumzi."

Nje zilisikika hatua za viatu, zikaja hadi mlangoni, zikasimama. Zamda alizisikia. Hakuushusha mkono.