Khanga Katikati ya Banda

Kambi yenyewe ilikuwa banda moja la nyasi lisilo na kuta, choo cha shimo, kijito, na kiwanja cha kusimamisha mahema sita. Moto uliruhusiwa mahali pamoja tu, chini ya banda. Tulinagwe alikuwa amepanda huko tangu jana na wageni wanne, walimu kutoka Mbeya, waliotaka kulala siku tatu ndani ya msitu wa Hifadhi ya Kitulo na kujifunza majina ya miti.

Aliyewaleta ni Mansuri, mwenye duka la vyombo Kyela mjini, ambaye siku hizi hupandisha watalii. Alimwambia Tulinagwe waziwazi kwamba safari hii ni ya majaribio. Wageni wakila vizuri, na yeye Mansuri asione kero, kazi ya kupika itakuwa yake msimu mzima. Tulinagwe alikuwa amelima mpunga Mwaya tangu aolewe, na mgongo wake ulikuwa umeshaanza kumjibu. Kazi hii aliitaka.

Asubuhi ya pili Ezekia, kiongozi wa msituni, hakuja. Alishikwa na malaria, akamtuma mzee mwingine badala yake. Tulinagwe alikisikia kikohozi kwanza, chini kwenye njia. Alikijua. Akauacha mwiko ndani ya uji, akajitupia khanga kichwani na kuchuchumaa nyuma ya rundo la kuni.

"Umeona nyoka, Mama Asifiwe?" Mansuri aliuliza.

"Heri angekuwa nyoka. Ni babu yake Asifiwe huyo. Baba mkwe wangu."

"Si ndiyo vizuri? Nenda kamwamkie."

"Kwetu mkamwana hamwamkii. Hamtazami, hataji jina lake, hapishani naye njiani. Mwaka wa kumi na moja huu, sura yake siijui."

Mansuri aliangalia moto mmoja, paa moja, na mawingu yaliyokuwa yakishuka.

"Kwetu mkwe unakula naye sinia moja," alisema, bila dharau. "Sasa mzee lazima ale, na mpishi ni wewe. Mpishi wa kujificha kwenye kuni sijapata kumwona. Ikishindikana, kesho nakushusha, nampandisha Prisca wa pale stendi."

"Nipe leo tu, kaka."

Alipewa. Akafunga kamba kutoka nguzo hadi nguzo, akatundika khanga ya pili katikati ya banda. Upande mmoja jiko, upande wa pili walaji. Chakula kikiiva, aligonga kifuniko mara moja na kusogeza sahani chini ya khanga. Akitaka kwenda kijitoni, aligonga mara mbili. Hakuna aliyemweleza baba mkwe, mzee Ambakisye, maana ya milio hiyo, lakini kila mara alikohoa kujibu, na njia ikawa wazi.

Mpaka mchana mambo yalikwenda. Alasiri mvua iliwarudisha wote bandani, na mzee akasukuma kikapu chini ya khanga.

"Uyoga wa nyumbani huo, walimu," alisema. "Jioni mtaniambia."

Wageni wakashangilia. Upande wa jiko, Tulinagwe aligeuza uyoga mmoja mmoja, kama alivyofundishwa na bibi yake. Vichwa vitatu vilikuwa na kikombe shinani. Uyoga wa namna hiyo una sumu, haupikwi.

Aliweka mikono magotini. Kumwambia mzee hakuweza. Kumtuma Mansuri atangaze ni kumwaibisha baba mkwe mbele ya wageni. Kuutupa kimyakimya kungemaliza ya leo, lakini kesho mzee angechuma tena. Mwishowe alikivuta chungu karibu.

"Wewe chungu," alisema kwa sauti ya kusikika, "leo huna bahati. Umeletewa uyoga mwingi, lakini vichwa vitatu vina kikombe shinani. Ningekupikia, ila kesho nani atabaki wa kukuosha?"

Walimu walicheka. "Mama Asifiwe!" Mansuri aliita. "Moshi umekupanda kichwani? Unaongea na chungu?"

Upande wa pili kikasikika kikohozi.

"Nguzo," mzee alisema, akiielekea nguzo, "sikia. Macho yangu ya leo si ya mwaka juzi. Mwenye chungu asipike hata kimoja. Ndaga fijo, asante sana, ameniokoa." Akageuka. "Mansuri, hebu nipe hicho kikapu. Walimu, njooni muone nilivyokosea."

Akapapasa mashina kwa kidole hadi akavipata vile vitatu, akawaonyesha kikombe. Wale wanne wakaandika kwenye madaftari yao, wakauliza maswali mpaka wali na maharage vikaiva. Hakuna aliyeulizia uyoga kwenye sahani.

Baada ya chakula Mansuri alizunguka hadi upande wa jiko, akachutama kusaidia kusuuza sahani.

"Habari ya Prisca tuiache," alisema. "Jumamosi nina kundi jingine. Ezekia atakuwa amepona. Nimwite yeye, nawe upumue?"

Kikohozi kilikuwa kikielekea kwenye mahema, na Tulinagwe alisubiri kiende mbali ndipo akainua kichwa.

"Mwite babu yake Asifiwe," alisema. "Ila mtafutie miwani. Na mimi niletee khanga nyingine, hii inaonyesha."