Zamu ya Nyumba ya Meja

Meja Reinhold Kübler hakuwa ametulia. Tangu kulipopambazuka alikuwa akienda dirishani na kurudi mezani, akiuburuza mguu wake wa kushoto, na kila alipopita karibu na kitanda cha mtoto, mtoto alilia. Annele hakumjua baba yake. Kwake alikuwa mtu mrefu mwenye vifungo vinavyong'aa, aliyeletwa na gari la wagonjwa wakati wa theluji na hakuondoka tena.

"Kaa basi unywe kahawa," mkewe Irmgard alimwambia.

"Hii si kahawa. Ni shayiri iliyoungua."

"Basi kaa unywe shayiri."

Hakukaa. Alfajiri kanali wake alikuwa amepiga simu. Wamarekani walikuwa nyuma ya kilima, na kabla ya jioni wangefika hapa Hainstetten. Meja afunge barabara kuu kwa magogo na apigane mpaka mtu wa mwisho. Akikataa, kulikuwa na hakimu wa jeshi anayezunguka na gari lake na kamba zake, na juzi tu alimtundika ofisa mmoja kwenye mtofaa katika kijiji cha jirani.

Amri kama hiyo haikuwa ngeni kwa Reinhold. Aliingia Poland akiwa luteni, akatoka Ufaransa kapteni. Urusi aliambiwa aushikilie ukingo wa mto, akaushikilia, vijana wake wakamalizika mmoja baada ya mwingine, naye akapewa nishani na umeja. Huko huko aliamuru vijiji vichomwe. Kwa hiyo alijua nyumba za mbao zinavyoungua: paa kwanza, halafu vilio, halafu kimya. Hilo hakuwahi kumwambia Irmgard. Alichomwambia asubuhi ile ni afungashe nguo za mtoto ashuke nazo chini ya nyumba, kwenye stoo ya viazi.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Sajini Wurster, mtu wa makamo, ambaye kabla ya vita alikuwa akiuoka mkate wa mji mzima. Yeye na wazee wa mgambo ndio waliolaza magogo barabarani alfajiri ile.

"Bwana Meja, magogo yameondolewa barabarani."

"Wamarekani wamefika?"

"Hapana. Ni kina mama."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Pale pale. Nilikuwa nimeyakalia."

"Bunduki unayo?"

"Ninayo, Bwana Meja."

"Sasa ilikuwaje?"

Wurster aliangalia viatu vyake. "Leo Jumamosi, Bwana Meja. Wamekuja na mafagio. Wameniambia niinue miguu. Nikainua."

Reinhold alifungua mdomo amfokee, akaishia kuchukua kofia yake. Mtu wa Berlin angemtia Wurster ndani papo hapo, lakini Reinhold alizaliwa mji huu. Hapa Jumamosi mtu alifagia barabara ya mbele ya nyumba hata kama amefiwa. Kibao cha zamu kilihama mlango hadi mlango, na mwenye nacho akiacha hata jani moja, angesemwa mpaka Pasaka. Wurster aliwahi kusimama mbele ya vifaru. Mbele ya mwanamke mwenye fagio siku ya Jumamosi, hakuweza.

Meja alitoka mbio kadiri mguu ulivyomruhusu. Magogo alikuta yamepangwa kwenye ukuta wa kanisa, manene chini, membamba juu, kama kuni za mtu nadhifu. Kina mama walikuwa wakizoa vumbi la msumeno. Aliyewaongoza alikuwa Mama Pfleiderer, mkunga aliyewapokea nusu ya watu wa mji, Reinhold mwenyewe akiwamo.

"Nani amewaamuru?" Reinhold aliuliza.

"Kibao. Wiki hii kiko mlangoni kwako, Reinholdle. Hujakiona?"

"Acha jina la utotoni. Niite Bwana Meja."

"Nimekuogesha ukiwa mwekundu kama kiazisukari. Leo nikuite Bwana Meja?" Wenzake walicheka, kisha wakakumbuka hali, wakarudi kwenye mafagio. "Mkeo ana mtoto mdogo, tumemsaidia zamu. Takataka zote hizi barabarani, ungeuweka wapi uso wako?"

"Si takataka. Ni ulinzi."

"Vifaru vitayapita kama njiti za kiberiti. Halafu vitageuza mizinga kumtafuta aliyeyaweka, vitatukuta sisi."

"Tuyarudishe, Bwana Meja?" Wurster aliuliza kwa sauti ya chini.

Hakuna aliyefagia tena. Reinhold alikuwa akizunguka pale pale, hatua tatu huku, tatu kule. "Hakimu akija," alisema, "atauliza nani kafungua barabara. Na hatakubali kuondoka bila jina."

"Mpe langu," sauti ikasema nyuma yake. Irmgard alikuwa amemfuata, Annele kiunoni. "Zamu ni ya nyumba yangu."

Alisema kama anayezungumzia supu iliyomwagika. Urusi pia wanawake walisimama nje ya nyumba zao na watoto kiunoni, naye Reinhold alitazama ramani ili asiwatazame wao. Safari hii alitazama. Miguu yake ikaacha kuzunguka.

"Wurster. Amri ya kufungua barabara nimeitoa mimi. Rudia."

"Ameitoa Bwana Meja."

"Kina mama wamefagia tu."

"Wamefagia tu."

"Waambie wazee wako watupe bunduki kisimani, waende nyumbani wakavae nguo za kazi. Na wewe kawashe tanuri. Watu watataka mkate."

"Na wewe waenda wapi?" Mama Pfleiderer aliuliza.

"Kuwaambia Wamarekani njia iko wazi kabla hawajaanza kupiga mizinga."

"Na gwanda hilo, mikono mitupu? Watakulaza kabla hujasema neno."

Irmgard alivuta nepi nyeupe iliyokuwa begani mwake, akamwekea mkononi.

"Ni safi?" Reinhold aliuliza.

"Inakaribia."

Mtoto alimwona amesogea, akaanza kulia, naye akamgusa unyayo hivyo hivyo, kwa kidole kimoja. Kisha akashika njia ya kilima.

Alipoipita nyumba ya mwisho alisikia injini. Kilima kilitawanya sauti, hata asijue kama ni mbele au nyuma, vifaru au gari la hakimu. Alisimama, akashusha pumzi, akasikiliza. Ilikuwa mbele. Akainua nepi juu kwa mikono miwili, akaongeza mwendo.