Miwani ya Vestine

Siku ile mjinga alikuwa Onésphore, na yeye mwenyewe hakatai. Kochi mzima, miaka ishirini ndani ya maji ya Ziwa Kivu, alikaa jioni juu ya mtumbwi wake uliopinduliwa, akachukua rangi ya kucha ya mke wake, nyekundu ya harusi, akapaka nusu ya juu ya miwani ya kuogelea ya Vestine.

Sababu alikuwa nayo. Vestine, miaka kumi na sita, hana wa kumshinda Gisenyi nzima, na Jumamosi alikuwa anapimwa kwa nafasi ya timu ya taifa. Lakini tangu mambo ya mpakani yaharibike na njia kufungwa, mama yake akabaki Goma, upande wa Kongo, na meza yake ya vitenge, mtoto akipiga mikono miwili tu anainua kichwa kutazama ng'ambo. Kichwa kikipanda, miguu inazama. Miguu ikizama, nafasi nayo inazama.

"Unakunywa maji kama mbuzi," Onésphore alimtania. Vestine alicheka. Kesho yake akainua tena.

Mukamusoni, mshauri wa wanamichezo aliyekulia Tanzania na aliyekuwa akija kila wiki mbili, alimwonya: "Mwalimu, usishindane na macho yake. Muulize anatafuta nini."

Aulize? Onésphore mwenyewe alifundishwa kwa fimbo, na hajazama mpaka leo.

Basi Alhamisi asubuhi Vestine akaanzia ufukwe wa Rubona na miwani yake nyekundu. Mbele haoni kitu. Akapinda, akapinda tena, akaenda kugonga mitumbwi ya wavuvi wa sambaza, vidagaa vya ziwa lile. Wavuvi wakamtoa wavu umemnasa bega.

"Eh, Onésphore!" mmoja akaita. "Huyu tumupime kilo ngapi?"

Ufukweni Vestine alikaa akikwangua rangi kwa ukucha. Mukamusoni, aliyekuwa amefika asubuhi ile, alimtazama Onésphore mpaka kochi akachuchumaa mchangani.

"Bon. Unatafutaka nini kule?"

"Bati ya bluu. Ya nyumba ya mama." Hakuinua uso. "Najua haionekane, iko mbali. Lakini nikiacha kutazama, nasikia kama ni mi nimemuacha."

Onésphore akaichukua miwani, akamalizia kuikwangua rangi yeye mwenyewe.

"Basi mtazame," Mukamusoni akasema. "Ila mpe miadi. Piga mikono kumi, kisha inua kichwa umtazame kwa moyo wote. Halafu rudisha uso majini, uende. Naye anajua utarudi."

Vestine akarudi majini. Mikono kumi, kichwa. Mikono kumi, kichwa. Alinyooka kama kamba iliyovutwa. Onésphore aliitazama saa yake mara mbili, akaitikisa, akaitazama tena. Mtoto hajawahi kwenda vile.

Lakini kiburi nacho kinajua kuogelea, hakizami upesi.

"Leo sawa," Onésphore alimwambia Vestine alipotoka majini akitweta. "Jumamosi sitaki! Muogeleaji anatazama bendera ya mwisho, hatazamake kwao. Mi nilitoka Goma mutoto, nyumba ya baba ikabaki kule. Ulishaniona nageuza shingo?"

Vestine akafuta maji usoni, akaonyesha kwa kidevu ule mtumbwi uliopinduliwa.

"Kochi, kila jioni unakaaka pale, brosheti ya mbuzi inapoa mukononi, unatazama Goma mpaka giza. Hiyo macho yako, nani ataipaka rangi?"